Ubavu wa Punda wa Mbele

Lodwar. Jumapili, 12 Oktoba 1997

Mimi Filipo Nabei, fundi wa pancha hodari kuliko wote kutoka Kitale mpaka Nadapal, mtu aliyewahi kumfunga mamba mdomo kwa mpira wa baiskeli na mamba akaenda zake bila kinyongo, leo nimeshindwa na swali ambalo mtoto yeyote wa Kiturkana hulijibu bila kufikiri: mifugo ya baba yako ilichomwa chapa gani?

Daftari hili limeletwa na dereva wa lori la mahindi kutoka Kakuma. Limetoka kwa Abigael, binti ya dada yangu Nakeno, ambaye anafundisha watoto wadogo kule kambi ya wakimbizi. Ujumbe aliompa dereva ni huu: "Mwambie Mjomba aandike kila siku chochote kinachomjia cha utoto wake, hata harufu. Na asitie chumvi."

Chumvi! Bila chumvi yangu nani angekaa kwenye benchi langu kungoja tairi?

Jambo lenyewe ni hili. Abigael amepata mchumba, Lokorio, kijana anayesimamia pampu ya maji kambini. Baba yake Lokorio ni Mzee Aukot, mfugaji wa ngamia kando ya mto Tarach. Mzee anampenda msichana. Ila amesema hatalichoma mkuki dume la ng'ombe la harusi mpaka aambiwe emachar ya bibi harusi, yaani ile chapa ya moto ya mifugo ya ukoo wao. Kwetu watu wa chapa moja ni ndugu, hawaoani, hata kama mmoja kazaliwa Loki na mwingine Lokichar na hawajawahi kuonana. Baba wa Abigael alikuwa dereva wa kupita, hakutoa hata mbuzi, kwa hiyo msichana ni wa chapa yetu, mimi na Nakeno. Na anayepaswa kuijua ni mimi, kaka mkubwa.

Mimi siijui.

Kitu cha kwanza ninachokumbuka duniani ni kikombe cha uji, kambi ya njaa kando ya ziwa, mwaka ule tunaouita Namotor, sitini na moja. Niko kwenye foleni. Nakeno nimemfunga mgongoni kwa kipande cha gunia, ananinyonya sikio. Karani ananiuliza jina, ananiuliza baba, na mimi natazama uji. Akaandika Filipo, na Nabei lilikuwa jina la mzee aliyesimama nyuma yangu. Karani alidhani ndiye baba.

Ya kabla ya uji hakuna. Nilikuwa na miaka sita au saba, umri wa kuchunga mbuzi, haiwezekani nilikuwa sioni. Lakini nikitazama nyuma ya kikombe kile naona weupe tu, kama ukuta wa misheni. Basi ukuta huo nimeupaka rangi maisha yangu yote. Baba mwenye ngamia wa kuziba njia. Babu aliyelala kumbatio moja na simba kwa sababu ya baridi. Watu wanacheka, mimi nakunywa chai yao.

Jumanne, 14 Oktoba

Jua kali. Pancha mbili. Hakuna kilichonijia.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimempelekea Nakeno sukari. Alikuwa chini ya kibanda chake anasuka kapu la mkoma, makuti yamelowekwa kwenye karai.

"Umekumbuka?" akaniuliza kabla ya salamu ya ejok.

"Niko karibu."

"Karibu wapi? Miaka yote uko karibu."

"Dada, kumbukumbu ya mtu mkubwa kama mimi ni nzito, haiji na baiskeli, inakuja na lori."

Hakucheka. Nakeno ndiye mtu pekee Lodwar ambaye hacheki hadithi zangu. Akasokota kuti, akalikaza kwa meno. "Kaka, mtoto huyu nimemsomesha kwa makapu. Mimi sikuolewa. Nilikaa hivihivi, na kila mwanamke aliyegombana na mimi kwenye maji alinikumbusha. Nataka yeye dume lake lichomwe mkuki, watu waone. Hicho tu."

"Nitaitaja chapa yoyote," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Ukitaja ya uongo, na kumbe ya kweli ni ileile ya Aukot? Atazaa na kaka yake. Hapo utaweka chumvi gani?"

Nikaondoka bila kunywa chai. Haijawahi kutokea.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimefanya upelelezi sokoni. Nikawauliza wazee wanaokaa pale kwenye kivuli cha duka la unga kama kuna anayemkumbuka mtu aliyepoteza watoto wawili, mvulana na msichana mchanga, mwaka wa Namotor. Waliendelea kupiga soga zao. Halafu mmoja akauliza nataka kujua kwa nini. Nikasema kuna mahari ya binti inakuja, ngamia.

Bwana! Wa kwanza akanishika mkono akalia kwamba nina pua ya marehemu ndugu yake. Wa pili akasema pua ni ya kwao, aache wizi. Wa tatu alitaka nivue kofia aone kichwa, akakitazama, akasema, "Mwanangu." Chapa zao ni tatu mbalimbali. Asubuhi nilikuwa yatima, kufikia jioni nina baba watatu, na wote wanauliza ngamia wanafika lini.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mawingu upande wa Uganda. Redio inasema mvua kubwa inakuja na imepewa jina la Kizungu. Mimi mvua ya kupewa jina siiogopi.

Kakuma. Jumamosi, 1 Novemba

Nimefika kwa lori la mahindi, juu ya magunia, askari wa msafara mbele yetu. Mto Kawalase ulikuwa umeanza kujaa. Tuliuvuka maji yakiwa kwenye ekseli. (Nilimwambia dereva nishuke nilisukume lori peke yangu. Alikataa.)

Abigael alinipokea kituoni. Amekuwa mtu mzima, anatembea na chaki kwenye vidole. Anaishi chumba kimoja cha mabati karibu na shule, mkeka, jiko la makaa, na picha za herufi ukutani. Lokorio alikuja na maji kwenye madumu mawili, kijana mrefu, mpole, mikono ina grisi kama yangu. Nilimpenda hapohapo kwa sababu ya grisi.

"Mjomba, ni kweli ulimfunga mamba mdomo?"

"Wawili," nikasema.

"Abigael aliniambia mmoja."

"Wa pili alikuja kumtetea mwenzake."

Alicheka mpaka akakaa juu ya dumu. Abigael alimtazama akicheka. Mimi nimeona wanawake wengi wakitazama wanaume, lakini yule alimtazama kama mtu anayehesabu vitu vyake na kukuta vyote vipo. Nikageuza macho.

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimeonana na Mzee Aukot. Boma lake liko kwenye ukingo wa Tarach, miiba imepangwa vizuri, ngamia wamelala wanatafuna. Wote wana chapa moja: mstari kutoka nyonga, mwishoni umepinda kama bakora, chini yake nukta mbili. Niliitazama. Haikuniambia kitu. Nikashukuru, maana kama ingeniambia kitu ingekuwa balaa.

Aukot ni mzee mkavu, ana miaka mitano hivi kunizidi, yuko juu ya kigoda chake, tumbaku shavuni. Mke wake Nakuleu alituletea maziwa. Nikaanza kazi yangu: nikamsimulia ngamia wa baba yangu walivyoziba njia ya kwenda Lodwar, magari ya serikali yakasimama siku nzima.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akatema mate pembeni. "Ngamia wengi. Walichomwa chapa gani?"

"Chapa kubwa sana."

"Kubwa inafananaje?"

"Mzee, ilikuwa kubwa hata mtu akisimama karibu haioni yote."

Nakuleu akajifunika mdomo kwa shanga zake. Aukot hakucheka, wala hakukasirika. Akasema taratibu, "Filipo, hadithi zako ni tamu. Ukae hapa Kakuma, ule nyama yangu, unisimulie. Lakini ile moja niletee kavu. Mimi namtaka yule msichana katika nyumba hii. Sitaki kumkuta ni mtoto wangu."

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. Barabara imekatika pande zote mbili. Ndege za misaada za Loki tu ndizo zinapita.

Jumatano, 12 Novemba

Mbuzi wamekufa maji, ukuta wa darasa moja umeanguka, shule imefungwa. Ninakaa kwa Adut, mama wa Sudan anayeuza chai kambini, jirani wa Abigael. Hema lake halivuji kwa sababu nimeliziba mwenyewe kwa viraka vya tyubu, kazi ambayo wataalamu wa ndege wangekuja kujifunza.

Leo alinikuta nimefumba macho, nimekunja uso, najaribu kuona nyuma ya kikombe.

"Tumbo nauma?" akauliza.

Nikamwambia habari yangu. Alikuwa anasaga mtama kwenye jiwe, hakuacha kusaga. Adut alitoka kwao kwa miguu, na katika wale aliotoka nao amefika na mtoto mmoja.

"Wewe hapana kumbuka kitu?"

"Hakuna kitu."

"Mimi nakumbuka yote. Kila kitu, kila mtu, nguo gani alivaa." Akanyoosha mkono wenye unga. "Kama wewe nataka, chukua kidogo."

Baadaye aliniambia nisifumbe macho, macho hayajui kitu. Kwake yeye yanakuja akisaga. "Mkono nafanya kazi ya zamani, kichwa nafuata nyuma." Nikamwuliza kazi yangu ya zamani ilikuwa gani. Akasema hiyo yeye atajuaje, yeye ni mtu wa Bor.

Jumanne, 18 Novemba

Naandika haya leo hii, kabla sijayatia chumvi.

Asubuhi Tarach ilikuwa imefika kwenye miiba ya boma. Lokorio alikuja mbio kutuita. Ilibidi watu, mbuzi na vyombo vihamie kwenye mwinuko wa mawe, ng'ambo ya kijito ambacho jana kilikuwa mchanga. Nikawaambia wanawake wakae kando, kufunga mzigo juu ya punda ni kazi niliyozaliwa nayo. Nikafunga. Punda akapiga hatua, na sufuria, ngozi na vibuyu vikamwagika chini kama mvua nyingine.

"Huyu amefunga punda au amefunga baiskeli?" Nakuleu akauliza. Wanawake walicheka huku wamelowa.

Basi nikanyang'anywa kamba. Wakanipa kazi ya mtoto: nitembee kando ya punda wa pili, nishikilie tenga. Tenga ni lile la fito na ngozi, hufungwa ubavuni, moja kila upande. Ndani alikuwa mjukuu wa Mzee, kasichana kadogo, pamoja na vitoto viwili vya mbuzi. Mbele yetu punda wa kwanza, anavutwa na Nakuleu.

Katikati ya kijito maji yalinifika kiunoni. Punda wetu akateleza, tenga likalala upande. Nikaingiza bega chini yake na kichwa changu kikaingia mlemle ndani, shavu kwa shavu na yule mtoto. Ngozi iliyolowa. Mafuta. Mkojo wa mbuzi, moshi, maziwa yaliyoganda. Kati ya fito mbili nikaona ubavu wa punda wa mbele, maji yanatiririka juu ya chapa, bakora na nukta mbili, inang'aa.

Na ikaja.

Haikuja kama hadithi. Hadithi huja kwa mdomo. Hii ilikuja kwa pua. Niko ndani ya tenga, magoti kidevuni, ni mkubwa mno kwa tenga lakini mguu umeingia mwiba na umevimba. Mbele yangu ubavu wa punda, una chapa ileile, imelowa. Punda huyo ana sikio moja tu. Pale pa sikio la kushoto pana kigutu, na nzi. Kuna maji mengi ya rangi ya chai. Punda amegoma. Mwanamke anayemvuta anarudi nyuma, anazunguka upande usio na sikio, anamfunika punda jicho kwa kiganja na kumwimbia polepole. Kitoto kimefungwa kifuani pake. Hanitazami. Naona mgongo wake na mkono wake juu ya jicho la punda. Punda anaingia majini.

Hapo inakatika.

Nilipotoka ng'ambo nikakaa kwenye jiwe. "Mgeni amechoka," Nakuleu akasema. Nikasema maji yameniingia machoni. Nimempata mama yangu, nami naomba Mungu iwe nimeota.

Jumatano, 19 Novemba

Sijamwambia mtu. Mvua.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimemwambia Abigael. Alikuwa anakausha madaftari ya watoto juu ya jiko, moja moja, kama chapati. Mabati yalikuwa yanapiga kelele ya mvua, nikalazimika kusema kwa sauti kubwa jambo ambalo nilitaka kulinong'ona.

Aliweka daftari chini. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na punda."

"Mjomba, umekaa wiki tatu unatazama chapa ya Apa, Mzee Aukot. Kila ngamia, kila punda. Labda umeichukua hapo ukaiweka kwenye ndoto."

"Hilo nimelifikiria. Nakubali. Ni ndoto."

"Usikubali haraka hivyo." Akakaa mkekani mbele yangu. "Simulia tena."

Nikasimulia. Mguu, maji, sikio, kiganja.

"Tena."

Nikasimulia. Alikuwa ananitazama mdomoni. Mara ya tatu nikaelewa anachongoja. Alikuwa anangoja nitie chumvi. Angesikia punda amekuwa watatu, au mama amebeba punda begani, angeruka kwa furaha, angesema, ni yaleyale ya Mjomba, twende tukachague chapa ya kupendeza. Na mimi nilitaka kutia. Haki ya Mungu nilitaka. Nilitaka kumrudishia punda yule sikio la pili. Mdomo wangu huu ambao haujawahi kunikatalia kitu ulifunguka ukasema vilevile: kigutu, na nzi.

Abigael akaanza kulia bila sauti. "Hadithi zako zote huzaa," akasema. "Tangu nikiwa mtoto najua. Simba akilala mmoja anaamka wawili. Hii haizai, Mjomba."

Nikamwambia nyamaza, hakuna aliyesikia, kuna chapa nyingi Turkana hii, kesho naenda kwa Mzee namtajia moja ya mbali, kule Loima, dume linachomwa, mambo yanaisha.

Akafuta uso kwa kanga. "Kwenye hiyo uliyoiona, kuna kitu ambacho Apa hajakuonyesha hapa?"

"Sikio. Punda wake wote wana masikio mawili."

"Basi muulize sikio. Usimtajie chapa, wala mama. Sikio tu. Asipolijua, ni ndoto, na mimi naolewa, na hatutalisema tena."

"Na akilijua?"

Akarudi kugeuza madaftari.

Jumapili, 23 Novemba

Tulikwenda baada ya kanisa, mimi na Abigael. Mvua ilikuwa imepumzika. Boma jipya lilikuwa bado mawe matupu na ngozi zimetandazwa zikauke. Mzee alikuwa kwenye kigoda. Lokorio alikuwa upande wa pili anamsaidia mama yake kusimamisha fito za kibanda. Abigael alikaa karibu na moto, akapewa kikombe cha maziwa, akakishika kwa mikono yote miwili.

"Mzee," nikasema, "nina swali la punda."

"Maswali ya punda hayaishi. Sema."

"Uliwahi kusikia punda wa sikio moja?"

Alikuwa anatafuna tumbaku. Taya likasimama.

Nikasema moyoni, hajui, hajui, tafuna, Mzee, endelea kutafuna.

"La kushoto halikuwepo," akasema. "Fisi. Sisi watoto tulikuwa tumelala hapo karibu, hakutugusa sisi, akachukua sikio." Akanitazama. "Nani kakusimulia punda yule?"

Nikamtazama Abigael.

"Alikuwa na kichwa kigumu. Maji alikuwa havuki. Ukimvuta anakung'ata. Ni mke wa baba yangu mdogo tu aliyemweza, Amoni. Alikuwa..." Mzee akainua mkono wake mkavu, kiganja wazi, akauweka hewani mahali ambapo jicho la punda lingekuwa.

Nilijua nimefanya sauti fulani kwa sababu Nakuleu aligeuka.

Aukot aliinuka. Alinijia, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku kama mbuzi sokoni. "Waliondoka na punda wawili kufuata ziwa, baba mdogo alikuwa amekufa tayari. Tulimwambia Amoni angoje. Kitoto kilikuwa kifuani. Na mvulana, mguu umeoza kwa mwiba, Eregae. Eregae!" Akanitemea mate ya baraka usoni, tumbaku na vyote. "Nakuleu! Njoo uone! Mtoto wa baba mdogo! Alikaa kwenye benchi Lodwar miaka yote hii akisema uongo! Lokorio, shika mbuzi! Njoo umwone baba yako mdo..."

Hapo akawaona. Lokorio alikuwa ameshika fito, hakuiachia. Abigael alikuwa anatazama ndani ya kikombe.

Mzee akaketi chini, kwenye mawe, kigoda kiko hapo.

"Baba," Lokorio akasema, "ina maana..."

"Ina maana ni dada yako."

Mtoto mmoja alikuwa anacheka huko nyuma na mbuzi. Halafu Aukot akaniambia kwa sauti ndogo, kama ananiuliza njia, "Ningekaa kimya nisiulize chapa, Eregae, si ingekuwa harusi?"

"Ingekuwa harusi."

"Na sisi tusingejuana."

Mbuzi alichinjwa. Fungu langu nikampa mjukuu wa Mzee.

Jumanne, 2 Desemba

Kila siku Mzee ananiita nikae karibu naye, ananipa utoto wangu. Ananiambia tulichezea mawe ya mtoni, meupe ng'ombe, meusi ngamia, na mimi niliyaiba ya wenzangu nikasema yamezaliwa. Ananiambia Amoni alikuwa anaosha kibuyu cha maziwa kwa makaa na sisi tunagombania kulamba kifuniko. Ananiambia wakati matunda ya mkoma yanaiva meno yetu yote yalikuwa ya manjano. Mengine yananijia kidogo, ladha ya jivu ndani ya maziwa, kweli hiyo ipo. Mengine hayaji, nayapokea hivyohivyo kama mtu anayevalishwa nguo. Sijawahi kusikiliza mtu kwa muda mrefu namna hii. Nilidhani ukuta ule ulikuwa mweupe kwa sababu nyuma yake hapakuwa na kitu.

Abigael haji. Lokorio yuko kwenye pampu tangu alfajiri, hata ikiwa haidai mafuta. Nimemkuta leo anakaza nati iliyokwisha kukazwa.

"Mjomba," akasema, halafu akajisahihisha. "Baba mdogo. Usione haya. Ulifanya vizuri."

Ningependa anitukane.

Lodwar. Jumamosi, 20 Desemba

Barabara imefunguka, tumerudi na lori, Abigael na mimi. Shule hazitafunguliwa mpaka mwezi ujao. Njiani magari ya kampeni yalikuwa yamekwama kwenye matope, bendera zimelowa. Abigael alitazama nyuma mpaka Kakuma ilipopotea. Ndipo akauliza, "Alikuwa anaimba nini kwa yule punda?"

"Maneno sikuyapata. Sauti tu."

"Iimbe."

Nikaiimba, juu ya magunia, lori linaruka. Aliegemea bega langu akalala.

Kwenye benchi langu wananingoja. Nimewaambia mafuriko ya Kakuma yalibeba ndege ikiwa inaruka. Wamecheka. Harusi hawakuuliza; Nakeno alikuwa ameshawazuia. Yeye nilimsimulia chini ya kibanda chake, kavu. Alisuka mpaka mwisho bila kuinua macho. Halafu akataka kujua tu kile kitoto kilifungwa kifuani kwa kitu gani. Nikamwambia ngozi ya mbuzi. Mbuzi wa rangi gani? Nikamwambia sikuona. Akasema, "Hukuona," kama anayenishukuru.

Jumapili, 11 Januari 1998

Lokorio amefika leo kwa miguu kutoka Kakuma, na ngamia jike mwenye ndama. Mzee amemtuma. Abigael alimjua yule ngamia kabla hajaingia uani, maana ni katika wale waliokuwa wamechaguliwa kwa ajili ya mahari yake. Aliwahi kuonyeshwa.

Lokorio akasimama langoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ameyafanyia mazoezi maneno yake njia nzima, ilionekana. "Shangazi Nakeno," akasema, "Baba anasema nyumba ya Amoni haiwezi kukaa bila maziwa. Huyu si wa mahari. Ni wenu. Alikuwa wenu tangu zamani."

Nakeno akapokea kamba. Akalia kwa sauti, yeye asiyelia. Mimi nilikuwa na hadithi tayari ya kufukuza ukimya, nzuri sana, ya ngamia aliyekwenda Nairobi kushtaki, nikaifungua mdomoni nikaifunga.

Ngamia alikuwa amejaa, anahangaika, safari ndefu. Abigael akaingia ndani akatoka na mabakuli mawili ya mti. Moja akampa Lokorio bila kumtazama. Wakamruhusu ndama anyonye kidogo, wakamwondoa, wakasimama kukamua kama wanavyokamua watu wa boma moja, huyu upande huu, yule upande ule, kila mmoja kwa mguu mmoja, bakuli juu ya goti, ngamia katikati yao mrefu kama ukuta. Hawakuonana nyuso. Sauti ya maziwa tu, kwanza kwenye mti mtupu, halafu kwenye povu.

Bakuli la Abigael lilijaa kwanza. Akalishika vilevile, bado amesimama kwa mguu mmoja, akamngoja kaka yake.